Huo Si Muziki Wetu? Basi Tuambieni Ni wa Nani

Aprili 2024 zilitoka albamu mbili za hevi metali za Kiafrika ndani ya mwezi mmoja. Moja ni Dzikkuh, ya kundi la Arka'n Asrafokor kutoka Lomé, Togo. Nyingine ni The Adept, ya Lord Spikeheart, mwimbaji wa Kenya ambaye miaka minne kabla yake alikuwa nusu ya kundi la watu wawili liitwalo Duma. Huku kwetu hukumu iliziwahi albamu zenyewe, tena ilitolewa na watu ambao hawakuwa wamesikiliza hata wimbo mmoja hadi mwisho. Naijua kwa moyo hukumu hiyo. Ilitolewa mwaka 2020 Duma walipotoa kazi yao, na hutolewa kila kundi la Nairobi au Kampala linapothubutu: huo si muziki wetu.

Niitendee haki hoja hii, maana ina watetezi wenye akili zao. Toleo lake zuri kabisa linakwenda hivi. Sisi ni watu wenye majukwaa machache na shilingi chache zaidi. Kanuni ya taarab inakosa wapigaji vijana, nyatiti na zeze vimegeuka mapambo ya ukutani, bendi za dansi zimebaki na wazee. Katika hali hiyo, kijana anayejifungia chumbani kujifunza kunguruma kwa Kiingereza juu ya gitaa lililokwaruzwa anamwaga nguvu ambayo ingejenga nyumbani. Muziki huo ulizaliwa na hasira za vijana wa nchi za baridi. Hasira zetu zina sababu nyingine, na zina nyimbo zake. Tena umejaa mafuvu na misalaba iliyopinduliwa, mbele ya jamii inayomcha Mungu. Na hata ukiyavumilia hayo yote, hauuziki: redio haziupigi, harusi haziualiki, wenye kumbi hawaulipi.

Ukiipasua hoja hiyo unakuta vipande vinne: shetani, Uzungu, makelele, na soko. Wapo pia marafiki wenye huruma wanaoongeza cha tano: tutaukubali, ila utiwe ngoma kidogo. Nitavipitia vyote, ingawa si kwa usawa, kwa sababu vingine havistahili wino mwingi.

1. Shetani

Huyu ndiye anayetajwa kwa sauti kubwa zaidi, basi tuanze naye.

Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilifika bungeni mwaka 1999. Miaka ile mtoto akiugua ugonjwa usiojulikana, basi likipinduka, jirani akitajirika ghafla, jina la mshukiwa lilikuwa tayari mdomoni. Wakati huohuo mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshatoka Hazina katika kashfa ya Goldenberg, malipo ya kusafirisha nje dhahabu ambayo haikuwapo. Tume ya kuchunguza jambo hilo ilisubiri hadi mwaka 2003. Shetani asiyeonekana alipata tume yake miaka tisa kabla ya wezi wenye majina, anwani na akaunti za benki.

Hofu ya shetani aliyejificha ndani ya gitaa nayo ina mahali ilikotoka. Haimo katika simulizi za mabibi zetu. Majini na mapepo wa pwani walikuwa na ngoma zao, na mganga aliwapigia ngoma hizo ili wapande, waseme shida yao, kisha watulie. Hakuna aliyesema ngoma ndiyo jini. Wazo la kwamba santuri ya roki ikichezwa kinyumenyume itatoa amri ya Ibilisi lilipikwa Marekani, likatufikia kwa kanda za mahubiri. Mwaka 1985 Seneti ya Marekani ilikaa kuwasikiliza wake za wanasiasa waliotaka nyimbo zibandikwe onyo. Mwaka 1990, mjini Reno, Nevada, kundi la Judas Priest la Uingereza lilisimama kortini kwa madai kwamba lilificha maneno ndani ya wimbo yakawafanya vijana wawili wajipige risasi, na jaji akaitupa kesi. Shehena hiyo ya hofu ilitua kwetu na ikapita forodhani bila kukaguliwa. Kwa hiyo yule anayeukataa muziki huu kwa kuwa umetoka kwa Wazungu anatutisha kwa shetani aliyetoka kwa Wazungu haohao.

Watanijibu kwa kutaja Norway, na watakuwa na haki. Kanisa la mbao la Fantoft, Bergen, lilichomwa moto Juni 1992. Kikundi kidogo cha wanamuziki wa blaki metali na wafuasi wao kilihusika na mfululizo wa uchomaji wa makanisa, na mwaka 1993 mmoja wao alimuua mwenzake. Ulikuwa uhalifu na mahakama iliushughulikia kama uhalifu. Lakini kama vitendo vya watu wachache vinatosha kuuhukumu muziki mzima, mizani hiyohiyo iletwe nyumbani. Kanungu, Uganda, Machi 2000: mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada lililofungwa. Shakahola, Kilifi, 2023: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Kote kuwili hakukuwa na gitaa la metali. Mahubiri yalikuwapo. Wala hatukusikia mtu mwenye akili timamu akidai kwaya zifungwe midomo kwa sababu ya Shakahola, na haki hiyo ya kutohukumiwa kwa dhambi za wengine ndiyo ninayoiombea bendi ya vijana watano kutoka Eastlands.

Duma wana wimbo uitwao Pembe 666. Anayeshtuka kwa jina hilo afungue Ufunuo wa Yohana, sura ya 13. Pembe zimo, namba imo, na mnyama mwenyewe yumo, katika kitabu anachokibeba kwapani kila Jumapili.

2. Uzungu

Hapa ndipo penye mzizi, na hapa nitakaa.

Hevi metali ilianzia Birmingham. Hilo halina ubishi. Tony Iommi, mpigaji gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kibarua wa kiwanda cha bati. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye, mpigaji wa mashoto, huutumia kubana nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, na uzito wa sauti ya Black Sabbath kwa sehemu kubwa umetokana na jeraha hilo la kazini. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Huo ndio Uzungu tunaoonywa nao: kibarua aliyekatwa vidole na mashine ya tajiri. Sidhani kama mfanyakazi wa Thika au Jinja aliyepatwa na hayohayo anahitaji mkalimani.

Na chini ya Birmingham kuna Mississippi. Black Sabbath walianza kama bendi ya bluzi, na bluzi ni muziki wa wajukuu wa watumwa. Gitaa la mlio uliokwaruzwa lilisikika mapema katika Rocket 88, wimbo uliorekodiwa Memphis mwaka 1951 na bendi ya Ike Turner kwa amplifaya iliyoharibika. Willie Dixon, mtunzi mweusi wa bluzi, aliwashitaki Led Zeppelin kwa kuchukua maneno yake, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. Tukitaka kuurudisha muziki huu kwao, sijui tutaandika anwani gani juu ya bahasha.

Lakini tuseme, kwa ajili ya mjadala, kwamba ni wa Wazungu kabisa, toka nyuzi hadi nywele. Je, ni lini asili ya kigeni ilituzuia? Taarab, hiyo tunayoililia, ilifika Zanzibar katika karne ya 19 baada ya Sultan Barghash kuvutiwa na wanamuziki wa Misri. Kanuni si mti wa Unguja. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Ngoma ya beni ya Lamu na Mombasa iliiga bendi za tarumbeta za wanajeshi wa kikoloni, hadi vyeo na sare. Rumba ya Kongo ilinyonya santuri za Kikuba za mfululizo wa GV mpaka ikashiba, na Desemba 2021 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa Wakongo. Bongo Fleva ilianza kwa vijana wa Dar es Salaam kuiga rapu za Marekani, wakaitwa wahuni, na leo wahuni hao ni mabalozi wa utalii. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa "si chetu" kwa muda, kikakomaa kikawa chetu. Uzawa, inaelekea, ni suala la kukaa kwenye foleni, na metali imeambiwa foleni yake haipo.

Mara nyingi anayetoa hukumu hii huitoa akiwa amevaa jezi ya Arsenal, akiwahi kibandani kutazama mchezo uliotungiwa sheria London mwaka 1863. Simlaumu. Namuuliza tu kwa nini mpira una pasipoti na gitaa halina.

Tufike kwenye albamu yenyewe. The Adept imewekwa wakfu kwa Muthoni wa Kirima, na Lord Spikeheart ni kitukuu wake. Muthoni alikuwa mwanamke pekee aliyefikia cheo cha jemadari mkuu katika Mau Mau. Alikaa msituni hadi uhuru wa mwaka 1963, akazitunza nywele zake za msituni hadi zilipokatwa mwaka 2022, akafariki Septemba 2023. Serikali ya kikoloni iliuita uasi wao ushenzi na viapo vyao kazi ya giza, na marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau mwaka 1950 haikufutwa hadi 2003, miaka 40 baada ya bendera ya uhuru kupanda. Sasa kitukuu wake anampigia ukunga kwa sauti aliyoichagua mwenyewe, nasi tunamjibu kwa msamiati wa Bwana Gavana: ushetani, ushenzi, si desturi za watu wema. Anayetaka kujua Uzungu umejificha wapi katika habari hii asianze kuutafuta kwenye gitaa.

3. Makelele

Katika mji ambapo matatu hupita alfajiri ikitikisa vioo vya madirisha, na kesha la Ijumaa huelekeza spika zake kwa majirani ili waokoke wapende wasipende, mtu akisimama kulalamikia bendi iliyopiga jioni moja ndani ya ukumbi uliofungwa, sikio lake linachagua. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009. Anayetaka kuzitekeleza ana kazi ya miaka kadhaa kabla ya kuwafikia vijana hawa. Nyani haoni kundule.

Kama kinachoudhi ni kasi, basi Dar es Salaam ina singeli, ambayo mapigo yake huvuka 200 kwa dakika bila kutoa jasho. Nayo iliitwa fujo za watoto wa uswahilini hadi wanasiasa walipogundua kwamba inajaza viwanja. Lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, iliyotoa mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso mwaka 2017, ndiyo iliyotoa albamu ya Duma miaka mitatu baadaye. Sikiliza mashine za ngoma za kazi hizo mbili, moja baada ya nyingine, kisha useme ipi ni ya Manzese na ipi ni ya kuzimu.

4. "Tieni ngoma kidogo"

Wale marafiki wenye huruma ni wapole, na upole wao unawafanya wawe wagumu kujibu. Hawakatai metali. Wanataka tu iwe na harufu ya nyumbani: marimba hapa, ngoma pale, vazi la ngozi ya chui ikiwezekana.

Arka'n Asrafokor wameingiza midundo na lugha ya Kiewe katika muziki wao, kwa hiari yao, na ni haki yao. Tatizo linaanza pale uamuzi wa kundi moja unapogeuzwa kibali cha kuingilia kwa wote. Watazame Overthrust wa Ghanzi, Botswana. Wanapiga deth metali ya mtindo wa kizamani, bila ngoma ya kijijini hata moja, wakiwa katika ngozi nyeusi. Mwaka 2016 walipanda jukwaa la Wacken, Ujerumani. Tamasha lao la nyumbani limekuwa likichangisha fedha za kuwasaidia wasiojiweza. Kwa kipimo cha marafiki zetu wapole, hao si Waafrika wa kutosha. Waliochangiwa hawakulalamika kuhusu upungufu wa marimba.

Hakuna aliyewahi kuwaambia Black Sabbath kwamba hawatakuwa Waingereza kamili hadi watie ngoma za vijijini kwao. Mwafrika ndiye anayedaiwa cheti cha kuzaliwa katika kila wimbo. Na sharti hilo lina bei isiyoandikwa: linamgeuza msanii kuwa mwongoza watalii wa utamaduni wake mwenyewe. Akiimba kuhusu kodi ya chumba Kayole, umeme uliokatika, au askari aliyempekua mfukoni usiku, anaulizwa ngoma iko wapi. Akivaa shanga na kuimba kuhusu mizimu, anapongezwa kwa kurudi kwenye asili, hata kama asili yake ni ghorofa ya tatu Umoja.

Kuhusu lugha nakubaliana nao nusu. Makundi mengi ya Nairobi huimba Kiingereza cha kuazima, kwa lafudhi ya mtu ambaye hajawahi kuwa wao, na hilo ni kosa la kisanaa linalostahili kusemwa. Ila anayedai kwamba angeuelewa muziki huu kama ungeimbwa kwa Kiswahili hajawahi kusikiliza deth metali. Katika mngurumo ule, Mwingereza mwenyewe haambulii neno.

5. Soko

Mwisho huja mfanyabiashara na kalamu yake sikioni. Yeye hana ugomvi na shetani wala na Mzungu. Anasema hauuziki, basi.

Nairobi iliwahi kuwa na redio ya roki, X FM, ikafa. Ushahidi, anasema. Lakini soko huwekewa sheria na watu, na sheria hizo zina upande. Spotify ilifungua milango yake Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021. Kuanzia 2024 wimbo usiofikisha masikizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Piga hesabu: kundi lenye nyimbo kumi, kila mmoja ukisikilizwa mara 900 kwa mwaka, limesikilizwa mara 9,000 na limepata sifuri. Fedha hiyo haipotei hewani. Inaingia katika fungu la walio juu. Anayekuja kesho na hesabu za mapato kuonyesha kwamba metali haina wasikilizaji anasoma daftari ambalo kurasa zake zilichanwa kabla hajalifungua.

Bandcamp, ambako wapenzi wa muziki huu hununua moja kwa moja kutoka kwa msanii, hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na asilimia 10 ya bidhaa. Ni nafuu. Lakini hupokea kadi na PayPal, wakati shabiki wa Kahawa West ana M-Pesa. Matokeo yake mnunuzi wa kawaida wa albamu ya Nairobi huwa Mjerumani au Mjapani, na yule wa Nairobi huipakua bure, kisha anasimama kueleza kwamba ni muziki wa Wazungu. Sasa ana ushahidi: tazama nani anaununua!

Wapo pia mashabiki wetu wenyewe wanaoshangilia umaskini huu kana kwamba ni cheo. Bendi ikiuza fulana mia moja, wanasema imeuza roho. Hao ni ndugu wa mfanyabiashara, ila hawajuani. Wote wawili wanakubaliana kwamba msanii asilipwe.

Miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na wanamuziki wa Tanzania na Kongo walivuka mipaka kuja kurekodi hapo. Leo kundi la Nairobi likitaka santuri ya kushika mkononi, linaagiza ng'ambo na kusubiri meli. Metali haikukiua kiwanda hicho. Tulikiacha kife, tukisema muziki wa nyumbani hauna soko, na wakati huo waliotajwa walikuwa watu wa benga na dansi. Hukumu ni ileile. Mshitakiwa ndiye hubadilika.

Nani atakayekula hasara? Jibu liko kwa jirani. Katika muongo huohuo vijana wa Lusaka na wa miji ya machimbo ya shaba walipiga gitaa zito, lililokwaruzwa, la roki ya Kizambia: WITCH, Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya. Rais Kaunda aliagiza redio ipige kwa wingi muziki wa nyumbani, na wao wakautengeneza. Kisha bei ya shaba ikaanguka na uchumi ukafuata. UKIMWI ukaondoka na wengi wao. Emanuel Chanda, mwimbaji wa WITCH anayejulikana kama Jagari, akaenda kuchimba vito. Santuri zao zikatupwa, zikapotea, au zikauzwa kwa wageni waliojua walichokiona. Baadaye Now-Again, lebo ya Los Angeles, ilizitoa upya, na mwaka 2012 kazi za WITCH zikafungwa pamoja katika sanduku moja la kifahari. Ilipofika 2023, WITCH walitoa Zango, albamu mpya baada ya karibu miaka 40, na sifa zikamiminika kutoka Ulaya na Marekani. Mzambia anayetaka santuri ya babu yake sasa anailipia kwa dola, pamoja na gharama za posta.

Ndivyo maneno "si wetu" yanavyofanya kazi. Hayaelezi hali ya mali, yanahamisha hati yake. Ukishasema kitu si chako mara za kutosha, atatokea atakayekiweka sandukuni, akakiandikia maelezo mazuri ya kurasa sitini, akakuuzia. Nyege Nyege Tapes ilianzishwa na wageni wawili waliohamia Kampala, na kosa si lao, maana walifungua mlango tuliokuwa tumeupiga komeo. Lord Spikeheart aliitoa The Adept kwa lebo yake mwenyewe, HAEKALU. Amejaribu kuishika hati mkononi. Sisi tumemsaidiaje? Bunge la Uganda, Septemba 2022, lilitaka kulizuia tamasha la Nyege Nyege kwa kulinda maadili, kisha tamasha likaruhusiwa kwa masharti baada ya watu wa utalii kupiga hesabu ya vitanda vya hoteli. Maadili yetu yana bei, na inajulikana.

Na kuna hasara isiyoingia katika daftari lolote: uhakiki. Mgeni husifu kila kitu kwa mshangao, kwani Mwafrika mwenye gitaa la umeme bado ni muujiza kwake. Mwenyeji hukataa kila kitu bila kusikiliza. Kati yao hakuna wa kumwambia mpigaji kwamba besi imezama, kwamba nyimbo tatu za mwisho ni wimbo mmoja uliobadilishwa jina. Albamu mbovu za metali za Afrika Mashariki ni nyingi, na zimenyimwa hata heshima ya kuitwa mbovu kwa sababu zinazoeleweka.

Basi nianze mimi. Albamu ya Duma ya 2020 inachoka katikati: mashine ya ngoma haipumui, na kasi isiyopumzika humzoesha msikilizaji hadi asiisikie tena. Dzikkuh hulegea kila inapohamia Kiingereza, kana kwamba waimbaji wametoka chumba chenye joto wakaingia ofisini. The Adept imewaalika wageni wengi mno. Watayarishaji na wachanaji wanapishana kutoka wimbo hadi wimbo, na katika kazi iliyowekwa wakfu kwa jemadari wa msituni nilitaka kumsikia kitukuu wake akiwa peke yake kwa muda mrefu zaidi ya alivyothubutu. Anayenipinga katika lolote kati ya haya namkaribisha, mradi aje na jina la wimbo na dakika.